Nani Kagusa Ua la Mbuyu? Mwongozo wa Kuwalinganisha Nondo na Komba Usiku wa Chamwino

Kati ya Oktoba na Desemba, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma ikiwa bado kavu au imeanza kupata manyunyu, mibuyu huchanua. Ua lake ni kubwa, jeupe, linaning'inia kichwa chini kwenye kikonyo kirefu, na harufu yake si ya kumvutia binadamu. Hufunguka magharibi na kukesha usiku mmoja, na kesho yake linanyauka, linageuka kahawia na kuanguka. Katika usiku huo mmoja chavua ya mbuyu huu inatakiwa ifike kwenye mbuyu mwingine, maana mbuyu hauzai vizuri kwa chavua yake wenyewe. Bila mgeni wa usiku, ubuyu unaouzwa kwenye vikombe na mifuko pale kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro haupo.

Wageni hao ni popo wa matunda, nondo na komba. Popo nitamwacha, kwa sababu hupita kwa kasi na kumfuatilia kunahitaji vifaa. Nondo na komba unaweza kuwatazama kwa tochi ya kichwa na subira, na hapo ndipo utakapoona ajabu: mdudu na mnyama wasio na undugu wa karibu hata kidogo, wote wanaishi kwenye giza lile lile, wanafuata ua lile lile, na kila mmoja ana njia yake ya kulishinda giza. Mwongozo huu ni wa kukusaidia uwatofautishe, uwalinganishe, na urudi nyumbani na maandishi yenye manufaa.

Tuelewane kwanza juu ya komba

Wengi humwita komba tumbili wa usiku. Sivyo. Tumbili wa usiku wa kweli wako duniani, lakini wote ni wa jenasi moja, Aotus, na wanaishi Amerika, kuanzia Panama hadi kaskazini mwa Argentina. Afrika haina tumbili hata mmoja anayeishi maisha ya usiku. Komba ni tawi jingine la ukoo mkubwa walimo tumbili na sisi binadamu, tawi la wenye pua yenye unyevu, ambalo ndilo walilomo pia lemuri wa Madagaska. Meno yake ya mbele ya chini yamelala kuelekea mbele na kubanana, na hayo ndiyo anayokwangulia gundi kwenye magome. Tofauti nyingine utaiona kwa tochi: macho ya Aotus hayana ule utando wa nyuma unaorudisha mwanga, ila ya komba yanao, ndiyo maana yanawaka rangi ya machungwa ukiyamulika.

Komba wa kumtafuta hapa ni komba mdogo, Galago senegalensis. Ana uzito wa gramu 150 hadi 250 hivi, mkia wake ni mrefu kuliko kiwiliwili, na masikio yake makubwa hukunjika na kugeuka kila moja upande wake. Huyu ndiye komba wa nchi ya migunga, na Chamwino ni nchi yake. Yule komba mkubwa anayelia usiku mpaka watoto wakajifunika shuka, na ambaye wagema wa pwani humlaumu kwa kuwanywea tembo, ni jamaa yake wa misitu na mashamba yenye miti minene.

Na nondo gani?

Nondo ni maelfu ya aina, kwa hiyo ukisema tu "nimeona nondo" hujasema kitu. Nakushauri umchague mmoja wa kuanzia: Agrius convolvuli, nondo wa viazi vitamu. Nina sababu za kumpendekeza. Ni mkubwa, mabawa yakinyooshwa hufika sentimeta 8 hadi 12. Ana alama isiyosahaulika: mabawa ya kijivu cha magome, na tumbo lenye mistari ya waridi na nyeusi ubavuni. Isitoshe, maisha yake yote unaweza kuyafuata kwenye bustani ya nyumbani.

Kiwavi wake hula majani ya viazi vitamu na ya mimea ya porini ya ukoo huo. Ni mnene, wa kijani au kahawia, na ana pembe moja kwenye mkia. Pembe hiyo haiumi mtu. Tafadhali usimchanganye na viwavijeshi vamizi vilivyoingia Tanzania mwaka 2017 na kushambulia mahindi. Hao ni nondo wengine kabisa, wadogo, wasio na pembe. Nimeona watu wakipulizia dawa bustani nzima ya viazi kwa ajili ya viwavi wachache wenye pembe ambao mkono ungewaokota kwa dakika chache. Wakishiba hujifukia ardhini na kugeuka buu la kahawia. Ukilima na jembe likakutolea buu lenye kitu kilichopinda ubavuni mfano wa mkono wa kikombe, umempata: ndani ya mkono huo ndimo ulimi unamoumbwa. Mrudishe udongoni.

Ulimi huo kwa nondo aliyekomaa unaweza kuzidi sentimeta 10, mrefu kuliko mwili wake. Akiwa hanywi huusokota chini ya kichwa. Akifika kwenye ua hasimami, anabaki hewani mabawa yakitetemeka mpaka huyaoni, ananyoosha ulimi, ananyonya, anahama.

Anzia kwenye mpapai

Kabla ya kwenda mbuyuni, jizoeze nyumbani. Mipapai yenye maua ya kiume hunukia vizuri jioni, na nondo hawa huipenda. Nchini Kenya, watafiti Dino Martins na Steven Johnson walionyesha mwaka 2009 kwamba mipapai huchavushwa hasa na nondo wa ukoo huu, na kwamba umbali na hali ya uoto wa asili unaozunguka shamba huathiri uchavushaji. Ua la kike la mpapai halina nekta; nondo huliendea kwa kudhani ni la kiume, na kosa hilo ndilo linalotupa papai. Kaa na watoto karibu na mpapai kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni. Wakishajua kumtambua nondo anayeelea mbele ya ua, mbuyuni hawatapata shida.

Usiku uchague, na uage

Kwa nondo, usiku wa giza usio na upepo ni bora. Kwa komba, mbalamwezi husaidia kwa sababu utamwona akiruka bila kumsumbua na tochi. Ukitaka wote wawili, chagua siku ambazo mwezi unachelewa kuchomoza: mapema usiku unapata nondo, baadaye mwezi ukitoka unamtazama komba.

Mbuyu uuchague mchana. Angalia chini yake: maua ya kahawia yaliyoanguka yanakuambia kwamba unachanua. Angalia juu: vitumba vilivyovimba na kuanza kupasuka magamba vitafunguka jioni hiyo hiyo. Tafuta tawi la chini ambalo maua yake unayaona bila kupanda. Mbuyu uliosimama peke yake katikati ya shamba la uwele huenda ukapata nondo, lakini komba mdogo anahitaji miti ya kurukia, kwa hiyo mbuyu uliozungukwa na migunga au ulio kwenye korongo lenye vichaka ni bora. Kaskazini ya wilaya, kuelekea Haneti, Itiso na vilima vya Chenene, uoto umebaki mwingi zaidi kuliko huku kwenye mashamba ya kandokando ya barabara kuu. Ukiingia kwenye msitu wa hifadhi, pitia kwanza ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS).

Suala la kuomba ruhusa nalitilia mkazo kuliko jambo lolote la vifaa. Mtu anayezunguka na tochi usiku wa manane kwenye mashamba ya watu huleta hofu, na hofu ya kijijini ina miguu. Nenda mchana kwa mwenye shamba, kisha kwa mwenyekiti wa kitongoji, na waambie walinzi wa usiku. Mibuyu mingine katika nchi ya Wagogo ni mahali pa matambiko, na huwezi kuitambua kwa kuitazama. Ukimkuta mzee, mwamkie kwa shikamoo, keti, umweleze unachotafuta, umuulize ni mbuyu gani usiofaa kuukalia. Mara nyingi utapewa na habari za komba ambazo hukuzitegemea. Pia kaa mbali kabisa na uzio wa Ikulu na njia ya reli ya kisasa. Hakuna ua lenye thamani ya kukuingiza kwenye maelezo na walinzi wa huko.

Vaa viatu vilivyofunika mguu. Nge na kifutu hupenda joto la ardhi mwanzo wa mvua, na mizizi ya mbuyu ina mashimo. Piga kijiti chini pale utakapokaa. Kaeni wawili au watatu, si zaidi.

Macho yanayowaka

Uwe umeshakaa saa kumi na moja na nusu jioni, hatua kumi hivi kutoka kwenye maua. Funika tochi kwa nailoni nyekundu, hata tabaka mbili. Mwanga mweupe utumie kwa sekunde chache tu unapotaka kuhakikisha. Ukiuacha uwake juu ya ua, nondo ataifuata tochi badala ya ua, na utakuwa unaandika habari za tochi yako.

Hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa. Jicho la komba na jicho la nondo yote yanawaka. Yote yana tabaka la nyuma linalorudisha mwanga upite mara ya pili, ili kisipotee hata kidogo cha kuonea. Lakini yamejengwa tofauti. Komba ana macho mawili makubwa yanayotazama mbele, kila moja na lenzi moja. Nondo ana jicho lenye vijilenzi vingi mno, na vijilenzi vingi huelekeza mwanga wao mahali pamoja, hivyo picha yake ni hafifu kwa ncha lakini imekusanya mwanga mwingi.

Kwa hiyo ukimulika, jiulize hivi. Je, ni nuru mbili zilizokaa sambamba, zikazimika, kisha zikawaka mita tatu pembeni bila kuonekana zikisafiri? Huyo ni komba, karuka. Komba mdogo amewahi kupimwa akiruka wima zaidi ya mita 2 kutoka alipokaa. Je, ni nuru moja ndogo mithili ya cheche, inayocheza mbele ya ua na kusogea taratibu huku na huku? Huyo ni nondo. Ukiendelea kummulika nondo aliyetua, nuru yake hufifia polepole, kwa sababu ndani ya jicho lake rangi nyeusi hujisogeza kuzuia mwanga uliozidi. Ya komba haififii. Atafumba, atageuza kichwa, au ataondoka.

Kuna wengine wa kukudanganya. Nuru mbili tawini zenye mwili mrefu unaotembea bila kuruka ni kanu. Nuru ardhini zinazoinuka na kuruka kimya ni kirukanjia. Nuru nyingi ndogo za kijani kwenye nyasi ni buibui, na ukishawajua hutaacha kuwaona.

Tofauti moja ya macho siwezi kuipita haraka, kwa sababu inageuza tunavyofikiri kuhusu mkubwa na mdogo. Mwaka 2002 Almut Kelber na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, walimjaribu ndugu wa Ulaya wa nondo wetu, Deilephila elpenor, wakakuta anatambua rangi kwenye mwanga wa nyota, ambapo sisi tunaona kijivu kitupu. Komba hana uwezo huo. Jeni inayomwezesha mnyama kuona upande wa bluu imeharibika katika ukoo wake zamani sana, naye amebaki na aina moja tu ya seli za kutambua rangi, maana yake hazitofautishi. Mdudu mwenye ubongo mdogo mno anaona rangi usiku, na jamaa yetu mwenye vidole na kucha hazioni. Komba amejaza pengo hilo kwa masikio na pua. Unapomwona amesimama kwenye tawi, masikio yanazunguka na macho hayashughuliki na lolote, jua kwamba anasikiliza mabawa.

Na mabawa anayoyasikiliza mara nyingi ni ya nondo. Komba mdogo anaishi kwa wadudu na gundi ya migunga. Kwa hiyo mbuyuni anaweza kuwa amefuata nekta, au amefuata mla nekta. Andika kile unachokiona, usimpangie nia.

Cha kuandika

Daftari lako liwe na saa, namba ya ua, mgeni, na alikofikia mdomo wake. Hili la mwisho ndilo lenye uzito. Ua la mbuyu lina kishada kikubwa cha nyuzi za kiume zenye chavua, na katikati unachomoza uzi mmoja mrefu wa kike ambao ncha yake ndiyo inayopokea chavua. Mgeni anayekunywa bila kugusa ncha hiyo amekula bure. Nondo mwenye ulimi mrefu anaweza kunywa kwa mbali. Tazama kama mabawa au kichwa vinagusa. Komba hushika ua kwa mikono na kutia uso mzima. Tazama kama anatoka na unga wa njano usoni, na kama ua linaendelea kuning'inia au amelitafuna. Yote mawili hutokea kwa wanyama wa aina yake, na kwa mbuyu yana matokeo tofauti kabisa.

Usidhani kazi hii ni ya kitoto. Mwaka 1965 watafiti Coe na Isaac walichapisha katika jarida la wanyamapori la Afrika Mashariki maelezo mafupi juu ya komba mkubwa kuchavusha mibuyu. Katika Afrika Mashariki na Magharibi popo ndio waliotajwa kuwa wachavushaji wakuu. Lakini mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa kusini mwa Afrika ambamo wananchi wa kawaida walikaa chini ya mibuyu usiku na kuandika walichokiona, na popo walikuwa nadra. Huko nondo wakubwa ndio wanaopewa nafasi hiyo. Mti mmoja, wafanyakazi tofauti, kulingana na nchi. Chamwino iko kwenye uwanda wa juu, na mibuyu yake haihesabiki. Daftari la mwalimu wa sekondari wa Buigiri au la mkulima wa Mvumi linaweza kusimama kando ya tafiti hizo bila aibu, mradi saa na namba ziwe za kweli.

Kiangazi usikiache

Kuanzia Mei mibuyu haina maua na ardhi imekauka. Wengi hufunga daftari. Mimi naona ndio wakati wa kuelewa tofauti yao kubwa, ya namna ya kuvumilia ukame. Kizazi cha nondo kinaweza kuusubiri msimu kikiwa buu chini ya udongo, bila kula. Komba hana pa kujificha na njaa. Lazima ale kila usiku, na wadudu wakipungua anategemea gundi inayotoka kwenye magome ya migunga. Mama huzaa mtoto mmoja au wawili baada ya mimba ya siku 140 hivi, humbeba mtoto kwa mdomo na kumwacha tawini anapokwenda kutafuta chakula. Nondo hutaga mayai mengi, moja moja, na kuondoka asirudi.

Tafuta mgunga wenye makovu ya kung'aa ya gundi, urudi hapo usiku. Kwa kuwa komba anaitegemea gundi hiyo, mgunga uliokatwa kwa mkaa humgusa yeye kuliko nondo, na ndiyo maana mashamba ya Dodoma ambako watu wameacha machipukizi ya visiki yakue chini ya mpango wa Kisiki Hai ni mahali pazuri pa kumtafuta miaka inavyopita.

Ukimkuta mtoto wa komba peke yake tawini, mwache. Mama yake yuko karibu. Akiletwa nyumbani na watoto, mrudisheni jioni ile ile kwenye mti alikotolewa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 hairuhusu kumkamata wala kumfuga bila kibali, na akiumia mpelekee habari ofisa wanyamapori wa wilaya. Nondo unaweza kumchunguza kwa kutundika shuka jeupe lenye taa mbele yake, mbali na mbuyu unaouangalia. Usimshike mabawa. Kabla ya kuruka utamwona akitetemesha misuli ya kifua, anajipasha joto, mwache amalize. Zima taa kabla hujalala, vinginevyo alfajiri ndege watawamaliza wote waliobaki shukani.

Kazi ya mwisho ni ya uzi. Asubuhi inayofuata usiku wa kutazama, funga uzi wa rangi kwenye kikonyo cha kila ua ulilolipa namba na ambalo unalifikia: nyekundu kwa lililotembelewa na nondo, bluu kwa komba, nyeupe kwa lisilopata mgeni uliyemwona. Petali na nyuzi za kiume zitaanguka, na sehemu ya ndani itabaki. Baada ya wiki chache vikonyo vingi vitakuwa vimedondoka. Vilivyobaki na kuvimba vihesabu kwa rangi ya uzi, kisha mwombe mwenye mbuyu asiviguse mpaka vikomae, miezi mitano hadi sita baadaye.